Nguvu na Umbo

Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Methali hii ina ukweli mwingi, lakini iko mashine moja ambayo fundi wake hana budi kuwaweka mafahali wawili katika zizi moja, tena zizi jembamba, na kuwafanya wavute jembe moja. Mashine hiyo ni gari la mashindano. Fahali wa kwanza ni injini, ambayo hutaka nafasi, hewa na ubaridi. Fahali wa pili ni umbo la gari, ambalo hutaka wembamba, ufupi na ulaini ili upepo upite bila ya kizuizi. Kila mmoja akipewa yote ayatakayo, mwenziwe hufa njaa. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi ugomvi huu ulivyopata kuamuliwa vibaya na jinsi ulivyopata kuamuliwa vyema, maana naamini kuwa ndani yake mna fundisho lisilohusu magari peke yake.

Kazi yangu ni kufundisha sayansi katika chuo cha ualimu. Kila mwaka huwauliza wanachuo wangu swali moja. Huwaambia: umepewa gari la mashindano, na umeruhusiwa kulitengeneza kwa namna moja tu, je, utaliongeza nguvu au utalipunguza upana? Wengi hujibu kwa haraka kuwa wataliongeza nguvu. Jibu hilo halinishangazi. Nguvu husikika, na umbo hunyamaza. Injini ikinguruma barabarani, hata mtoto aliyebebwa mgongoni hugeuza shingo. Lakini ni nani aliyepata kugeuza shingo kwa sababu upepo umepita vizuri ubavuni mwa gari? Wachache huchagua umbo, na hao aghalabu ni wale waliosoma kwa bidii sura ya ukinzani wa hewa. Hapo darasa hugawanyika, na mabishano huwa makali. Mimi huwaacha wabishane, kisha huwaomba tufanye hesabu.

Hebu nawe tuifanye pamoja. Gari linapokwenda husukuma hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo hulirudisha nyuma. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa hulizuia gari mara nne. Lakini gari hilo sasa linaisukuma hewa inayokinza mara nne kwa mwendo wa mara mbili, kwa hiyo nguvu inayohitajika huwa mara nane. Kwa sheria hiyo, mtu atakaye kuongeza mwendo wa juu wa gari lake kwa sehemu moja tu katika kumi, sharti aongeze nguvu ya injini kwa theluthi nzima hivi. Theluthi ya nguvu ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Hapo wale wa umbo hutabasamu.

Hawatabasamu kwa muda mrefu. Hewa si adui tu. Ni rafiki pia. Gari la mashindano hufungwa mabawa yaliyogeuzwa juu chini. Bawa la ndege huinua. Bawa la gari hukandamiza, ili tairi zishike barabara na dereva apite kwenye kona kwa kasi bila ya kuteleza. Lakini kila bawa linalokandamiza hukinza pia, na atakayesukuma bawa kubwa kwa kasi ni injini peke yake. Umbo zuri lisilo na nguvu ya kulisukuma ni kama tanga zuri siku isiyo na pepo.

Tena kuna jambo la joto. Petroli inapoungua ndani ya injini, haigeuki yote kuwa mwendo. Katika magari ya kawaida zaidi ya nusu ya nguvu yake hupotea kwa njia ya joto, baadhi yake kwenye moshi na baadhi yake kwenye maji ya rejeta. Joto hilo lisipotoka, injini hufa. Ili litoke, gari hutobolewa midomo ubavuni, hewa baridi iingie na kupita katika rejeta. Lakini kila mdomo uliofunguka hukamata upepo. Basi angalia, msomaji, jinsi mambo yanavyozunguka: ukiongeza nguvu unaongeza joto, ukiongeza joto unahitaji rejeta kubwa, rejeta kubwa hunenepesha gari, na gari nene hula sehemu ya ile nguvu uliyoiongeza.

Msomaji wa Kenya amezoea mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Katika barabara za mawe na vumbi za Naivasha, gari sharti liinuliwe juu ili tumbo lake lisipasuliwe. Mashindano ninayoyasimulia mimi ni ya Formula One, ambayo hukimbiwa juu ya lami laini. Huko tumbo la gari hukaribia kugusa ardhi, na hesabu ya upepo hufikia unyoya. Ndiyo maana ugomvi wa nguvu na umbo unaonekana waziwazi huko kuliko mahali pengine.

Nianze na injini iliyosifiwa mno, kisha sifa yake ikageuka kuwa kasoro. Mwaka 1967 mhandisi Mwingereza, Keith Duckworth, alitoa injini iliyoitwa Cosworth DFV. Ujazo wake ulikuwa lita 3, na silinda zake 8 zilipangwa mfano wa herufi V. Ilishinda katika shindano lake la kwanza kabisa, huko Zandvoort, Uholanzi, ikiwa ndani ya gari la Lotus lililoendeshwa na Jim Clark. Italia nayo, kampuni ya Ferrari ilishika njia yake. Mhandisi wake, Mauro Forghieri, aliunda injini ya silinda 12 zilizolazwa, 6 upande huu na 6 upande wa pili, mfano wa watu waliolala chini wakakutanisha nyayo na kuelekeza vichwa vyao nje. Injini hii ilikuwa na nguvu kuliko Cosworth, na kwa kuwa ililala, uzito wake ulikaa chini, jambo ambalo hulituliza gari kwenye kona. Niki Lauda aliitumia akawa bingwa wa dunia mwaka 1975 na tena mwaka 1977. Ni nani wakati huo angalithubutu kusema kuwa injini hii ina ila?

Ila ilitoka mahali pasipotazamwa na mtu. Colin Chapman na wenzake wa timu ya Lotus walitazama uvungu wa gari. Waliona kuwa mbavu za gari zikiundwa kwa chini mfano wa bawa lililogeuzwa, hewa inayopita uvunguni itakimbia kwa kasi, shinikizo lake litapungua, na gari litavutwa chini kana kwamba ardhi ina sumaku. Cha mvunguni sharti uinamie. Chapman aliinama, akakipata. Gari lao la mwaka 1977, Lotus 78, lilionyesha njia, na la mwaka 1978, Lotus 79, likampa Mario Andretti ubingwa wa dunia. Ndani ya magari hayo hamkuwa na injini yenye nguvu kupita zote. Mlikuwa na Cosworth ile ile ya mwaka 1967, iliyokwisha zoeleka na kila mtu.

Kwa nini Cosworth ilifaa? Kwa sababu herufi V ni nyembamba chini na pana juu. Kando ya miguu yake hubaki nafasi mbili, kushoto na kulia, na nafasi hizo ndizo njia za kutokea ule upepo wa uvunguni. Injini ya Ferrari ilikuwa imelaza vichwa vyake papo hapo palipotakiwa upepo upite. Uzuri wake wa kulala, uliosifiwa miaka yote, ndio uliokuwa kizuizi. Mwaka 1979 Ferrari ilishinda tena kwa uimara wa gari lake na ustadi wa madereva wake, na Jody Scheckter akawa bingwa. Lakini mwaka uliofuata, wenzao walipokwisha kuifahamu vyema siri ya uvungu, Ferrari ilipata pointi 8 tu kwa mwaka mzima na kushika nafasi ya 10 katika orodha ya timu. Huko Kanada bingwa wa dunia alishindwa hata kufuzu kuanza mashindano. Mwaka 1981 Ferrari iliiacha injini hiyo, ikashika nyingine ya silinda 6 za mfano wa V.

Timu ya Brabham ilikuwa na shida hiyo hiyo. Mbunifu wake, Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, alikuwa amepewa injini ya Alfa Romeo, nayo ya silinda 12 zilizolala. Hakuwa na njia ya kupitisha upepo uvunguni, basi akafanya hila ya ajabu: alifunga feni kubwa nyuma ya gari, ikanyonya hewa ya chini na kuivuta pia hewa ya kupoza rejeta. Gari hilo lilishinda huko Uswidi mwezi wa Juni 1978, na halikushindana tena baada ya siku hiyo, kwa kelele za wapinzani. Alfa Romeo ikaunda upesi injini mpya ya silinda 12 za mfano wa V kwa mwaka 1979. Haraka ile ilizaa ubovu. Gari liliharibika mara kwa mara, na kabla ya mwaka kwisha Brabham ilihamia kwenye Cosworth. Miaka miwili baadaye, Nelson Piquet alikuwa bingwa wa dunia kwa gari la Brabham lenye injini hiyo ya zamani.

Nisimamapo hapa darasani, wale wa umbo husema kwamba wameshinda kesi. Mimi huwaomba wangoje, kisha huwasimulia jambo la karibu na nyumbani. Zamani nilifundisha katika shule moja ya bweni iliyokuwa juu ya kilima. Maji yalipandishwa na pampu ndogo, polepole lakini kila siku. Halmashauri ya shule iliamua kununua pampu yenye nguvu mara tatu, na kila mtu alifurahi. Mabomba hayakubadilishwa, maana yalikuwa chini ya ardhi na hayaonekani. Pampu mpya ilipowashwa, mabomba membamba yalizuia maji, shinikizo likapanda, na viungo vikapasuka kimoja baada ya kimoja. Muhula mzima wanafunzi walishuka mtoni alfajiri wakiwa na ndoo, wakarudi wamechoka kabla ya somo la kwanza. Aliyechagua pampu alijua pampu, na aliyelaza mabomba alijua mabomba. Hawakuketi pamoja hata siku moja. Wasichana wa kidato cha pili waliolala juu ya madaftari yao saa nne asubuhi ndio waliolipa gharama ya kikao kisichofanyika.

Sasa tazama kikao kilichofanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, timu ya McLaren ilihitaji injini mpya yenye turbo, yaani injini ambayo moshi wake huzungusha gurudumu la kushindilia hewa ndani ya silinda. Mbunifu wa gari, John Barnard, hakwenda dukani kutafuta injini iliyo tayari. Alikwenda kwa kampuni ya Porsche, Ujerumani, gharama zikalipwa na kampuni ya TAG, akawaeleza wahandisi, wakiongozwa na Hans Mezger, upana, kimo, na mahali pa pampu na mabomba, hata kabla chuma hakijakatwa. Wenye injini walipewa mipaka, lakini walipewa mapema, wakati kalamu ingali mkononi. Ndani ya mipaka hiyo walitafuta nguvu yote waliyoweza kuipata. Mwaka 1984 gari hilo lilishinda mashindano 12 kati ya 16, na madereva wake wawili, Niki Lauda na Alain Prost, walishindania ubingwa wao kwa wao mpaka Lauda akampita mwenzake kwa nusu ya pointi.

Ukidhani sasa kuwa mwenye umbo akitangulia kusema mambo hunyoka, kumbuka Brabham ya mwaka 1986. Gordon Murray alitaka gari fupi kuliko yote, ili hewa ilifikie bawa la nyuma ikiwa safi. Injini yake ilikuwa ya BMW, yenye silinda 4 zilizosimama wima, na injini iliyosimama huinua mgongo wa gari. Basi ililazwa kwa nyuzi 72 mpaka ikakaribia kugusa sakafu. Kwa macho, gari lilipendeza kama samaki. Lakini oili ndani ya injini hurudi chini kwa uzito wake, na injini iliyoumbwa kusimama ina njia zake za kurudishia oili. Ilipolazwa, oili haikurudi ipasavyo. Ikatuama pasipo pake na kuila nguvu ya injini. Mwaka mzima timu ile, iliyokwisha kutoa mabingwa wa dunia, ilipata pointi 2. Tena mwezi wa Mei mwaka huo dereva wake, Elio de Angelis, alifariki baada ya ajali ya mazoezi huko Ufaransa, bawa la nyuma lilipong'oka. Msiba huo haukutokana na kulazwa kwa injini, lakini nautaja ili usidhani kuwa tunazungumza habari za karatasi na penseli. Ndani ya umbo lile hukaa mtu.

Hapa mwalimu wa sayansi hufurahi, kwa maana historia imemfanyia jaribio. Mwaka ule ule wa 1986, timu ya Benetton ilitumia injini ya BMW ikiwa imesimama wima kama ilivyozaliwa. Gerhard Berger aliiendesha akashinda huko Meksiko. Injini ni ya ukoo mmoja; moja iliyosimama ilishinda, na nyingine iliyolazwa ilikosa pumzi.

Je, wazo la gari fupi lilikuwa baya? La. Murray alihamia McLaren, na huko, pamoja na mbunifu Steve Nichols, wazo hilo lilipata injini iliyolifaa. Honda ya Japani ilikuwa na injini ya turbo ya silinda 6 za mfano wa V, fupi kwa asili yake. Kwa ajili ya mwaka 1988 Honda waliishusha kranki ya injini ikae chini zaidi, na klachi ikafanywa ndogo ili isizuie kushuka huko. Giaboksi nayo ikatengenezwa kuifuata. Hakuna kilicholazwa kwa nguvu. Kila kiungo kiliinama kidogo. Gari hilo, McLaren MP4/4, lilishinda mashindano 15 kati ya 16. Ayrton Senna alishinda 8 na Alain Prost 7, na Senna akatawazwa bingwa.

Tena historia ilifanya jaribio la pili. Mwaka huo huo timu ya Lotus ilikuwa na injini hiyo hiyo ya Honda, na dereva wake alikuwa Nelson Piquet, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Lotus haikushinda hata shindano moja. Majaribio haya mawili, ya BMW na ya Honda, huwatosha wanachuo wangu kuliko maneno yangu yote. La kwanza linawafundisha kuwa umbo haliwezi kuipa injini amri inayopinga maumbile yake. La pili linawafundisha kuwa injini bora duniani haimwokoi mtu ambaye gari lake halikuafikiana nayo.

Huenda ukasema hayo ni ya kale, na watu wameshaelimika. Laiti ingalikuwa hivyo! Mwaka 2014 sheria za Formula One zilibadilishwa, zikaleta injini ndogo za turbo zenye mitambo ya umeme. Mercedes walilitenga lile gurudumu la kushindilia hewa na lile linalozungushwa na moshi. Moja likakaa mbele ya injini na jingine nyuma, na mhimili mmoja mrefu ukapita katikati ya ile V. Hivyo hewa baridi ilikaa mbali na moshi wa moto, mabomba yakawa mafupi, na mbavu za gari zikaweza kukonda bila ya kuinyima injini chochote. Walishinda mashindano 16 kati ya 19 ya mwaka ule. Mwaka 2015 Honda walirudi kwa McLaren, na safari hii nia ilikuwa kubana injini mpaka mwisho wa kubana. Magurudumu yote ya turbo yalisongwa ndani ya ile V. Ili yaenee, gurudumu la kushindilia hewa lilifanywa dogo, na mtambo wa umeme uliotegemea moshi haukuweza kuvuna kiasi walichovuna wengine. Gari lilikuwa jembamba la kupendeza. Mwisho wa mwaka lilikuwa na pointi 27, likiwa la 9 kati ya timu 10. Huko Suzuka, mbele ya wenyeji wa Honda wenyewe, dereva Fernando Alonso alilalamika katika redio, na dunia ikisikia, kuwa injini yake yafanana na ya mashindano ya daraja la chini. Wafikirie wahandisi waliokesha miezi mingi, wakaaibishwa hivyo nchini mwao kwa upungufu ambao sehemu yake ilitokana na nafasi waliyopewa.

Mwaka 2017 Honda waliupanga upya mtambo wao kwa namna iliyofanana na ya Mercedes, lakini urafiki ulikuwa umekwisha kuvunjika. Mwaka 2018 McLaren walichukua injini ya Renault, wakitumaini kuonyesha ubora wa gari lao. Hawakushinda shindano lolote, ilhali Red Bull, kwa injini ya Renault, ilishinda manne mwaka huo huo. Honda kwa upande wao walikwenda kwa timu ya Toro Rosso, kisha kwa Red Bull. Wakashinda huko Austria mwaka 2019, na mwaka 2021 Max Verstappen akawa bingwa wa dunia kwa injini yao. Lawama yote ilikuwa imebandikwa upande mmoja, na miaka ikaja kuigawa upya.

Nimeyapima mambo haya kwa muda mrefu, na nimeona kuwa swali ninalowauliza wanachuo wangu halijibiwi kwa kuchagua upande. Nguvu imewahi kushinda na imewahi kushindwa. Umbo vivyo hivyo. Kinachotenganisha mwaka wa ushindi na mwaka wa aibu ni wakati wa mashauri. Shauri linalotolewa kabla chuma hakijakatwa ni msaada. Shauri lile lile likitolewa baadaye huwa amri, na amri humlazimu mtu kulaza injini iliyozaliwa kusimama.

Tena katika kila kikao cha mafundi wawili kuna mtu wa tatu asiyesema neno, naye ni maumbile. Mwenye injini anaweza kukubali kupunguziwa nafasi. Mwenye umbo anaweza kukubali kuongeza upana. Lakini oili haikubali kupanda mlima kwa sababu mkubwa ameagiza, wala joto halikubali kungoja mlangoni kwa sababu gari litapendeza zaidi likifungwa. Fungu la maumbile halijadiliwi. Sharti litengwe kwanza, kisha wanadamu wagawane kilichobaki kwa hisani na hesabu. Brabham ya mwaka 1986 na McLaren ya mwaka 2015 zilianza kwa kugawana fungu hilo lisilo lao, na maumbile yakalidai mbele ya watu wote.

Wewe, msomaji, huenda hutaunda gari la mashindano. Lakini karibu utachagua masomo yako, na baada ya hapo watu watakuita kwa jina la fani yako: huyu ni wa umeme, huyu ni wa ujenzi, huyu ni wa hesabu za fedha. Jina hilo ni heshima, nalo lina hatari yake. Litakufanya uone aibu kumwuliza wa fani nyingine jambo usilolijua, na yeye naye aone aibu kukuuliza wewe. Mkinyamaziana hivyo, mtajenga zahanati yenye mashine nzuri na nyaya zisizoweza kuibeba, au daraja imara lisilo na barabara ya kulifikia, na atakayeumia hatakuwa mmoja wenu. Jifunze fani yako mpaka uijue kuliko wote. Kisha, kabla hujakata chuma chako, tembea mpaka meza ya jirani umwulize: wewe unahitaji nafasi kiasi gani?